Sare Tatu Zilizobaki Kabatini: Historia ya Alama za Uuguzi na Mabinti Walioachwa Njiani



Wengi wenu mnatujua kwa magauni ya harusi na mashungi. Leo mtuvumilie kidogo, maana hatuzungumzii shela wala hina. Tunazungumzia sare za uuguzi.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja. Tulisoma skuli mpaka Form Four, tukachukua kozi ya ushoni, kisha riziki ikatuvusha bahari mpaka Kahama, mkoa wa Shinyanga, mji unaoishi kwa mpunga na dhahabu. Duka letu linashona vitu viwili zaidi kuliko vyengine: nguo za harusi na sare za wanafunzi wa vyuo vya afya. Ndani ya kabati letu zipo sare tatu nyeupe. Zimeshonwa, zimetiwa vifungo, zimepigwa pasi. Arbuni ilishatolewa. Wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Wanafunzi wana neno lao, wanasema fulani "amedisko". Maana yake ameondolewa chuoni kwa kukosa alama. Wenye sare hizi tatu wote walidisko kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Mmoja wao alirudi dukani kwetu baadaye kwa shughuli nyengine, na habari yake tutaieleza mbele. Yeye ndiye aliyetufanya tuulize: hizi alama zinazowatoa mabinti chuoni zilianzia wapi? Nani aliziweka? Na je, zimekuwa hivi siku zote?

Kabla ya alama kulikuwa na hema

Sisi Waislamu uuguzi haukutujia kwa meli. Zama za Mtume wetu (S.A.W) alikuwepo Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiuguza majeruhi. Baada ya vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (R.A) alipojeruhiwa kwa mshale, alipelekwa kwenye hema la Bibi Rufaida msikitini Madina ili aangaliwe. Tunalitaja hili mwanzo kwa sababu bado tunawasikia wazee wakisema kazi ya uuguzi haimfai binti wa Kiislamu. Inamfaa, na ina mizizi kwetu.

Ila skuli ya uuguzi yenye daftari la alama, hiyo ina historia yake nyengine. Mwaka 1860, Bi Florence Nightingale alianzisha mafunzo ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Kila mwezi mwanafunzi alijaziwa karatasi. Alipimwa kazi ya wodini, na pia alipimwa kuwahi, utulivu, uaminifu na usafi wa mwili na mavazi. Alama zilikuwa za maneno, kuanzia bora sana, kushuka mpaka sifuri. Kwa hiyo tangu mwanzo muuguzi hakupimwa kichwa peke yake. Alipimwa na tabia, na aliyempima alikuwa na nguvu kubwa juu ya maisha yake.

Uingereza ikatunga sheria ya kusajili wauguzi mwaka 1919, na mtihani wa kwanza wa taifa ukafanyika 1925. Kuanzia hapo mtu hakuitwa muuguzi kwa sababu matroni amempenda. Alipaswa kufaulu mtihani ule ule uliofanywa na wenzake nchi nzima. Hilo lilikuwa jambo la haki, na mgonjwa alipata usalama.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1947 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Sir Robert Wood ilitoa ripoti juu ya wanafunzi wa uuguzi. Iliona kuwa karibu nusu ya walioanza hawakumaliza. Miaka yote kabla ya hapo watu walisema mabinti wa siku hizi ni wavivu, hawana moyo wa kujitolea. Kamati ilipochunguza, ikakuta kuwa jambo kubwa lililowakimbiza ni namna walivyotendewa hospitalini: nidhamu ya kijeshi, kazi za kuchosha, na kutumiwa kama vibarua badala ya kufundishwa. Nchi nzima ilikuwa imewatazama waliondoka bila kuutazama mlango waliotokea.

Uuguzi unafika Usukumani

Waingereza hao hao ndio waliotawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, wakaja na utaratibu wao. Huku kwetu bara, sehemu kubwa ya mafunzo ya wauguzi ilishikwa na hospitali za misheni. Karibu na Shinyanga ipo Kolandoto, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, ambayo leo ina chuo chake cha afya. Kule Kwimba ipo Sumve, ya Wakatoliki. Familia nyingi za Kiislamu ziliogopa kupeleka mabinti huko, kwa hofu ya dini. Wenzetu walipokuwa wanahesabu miaka ya uzoefu, sisi tulikuwa bado mlangoni.

Baada ya uhuru wa 1961, nchi ilihitaji wauguzi kwa haraka. Kukawa na muuguzi daraja A, aliyetokea sekondari, na muuguzi daraja B, ambaye darasa la saba lilimtosha kuanza mafunzo. Katika miaka ya 1970 wakaongezwa wahudumu wa afya ya mama na mtoto, nao wengi walitokea darasa la saba. Bibi na mama zenu waliojifungulia kliniki za vijijini miaka ile, mikono iliyowapokea ilikuwa mara nyingi ya wanawake hawa. Hawakuwa na Form Four. Walifundishwa kazi, wakasimamiwa, wakaijua.

Kisha kipimo kikaanza kupanda. Elimu ya kuingilia ikawa Form Four. Sheria ya mwaka 1997 ikaanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, ambalo tangu 2021 linaitwa NACTVET. Vyuo vya uuguzi vikaingizwa katika ngazi zake: ngazi ya 4, ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Juu ya hapo lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mtihani wake wa leseni. Maana yake binti wa leo anapimwa mlangoni, anapimwa kila muhula, na anapimwa tena akishamaliza.

Wakati huo huo mahitaji yalikuwa makubwa. Mwaka 2007 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Zahanati inajengwa kwa matofali, lakini haifanyi kazi bila muuguzi. Na huku kwenye ukanda wa dhahabu watu walizidi kumiminika. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi hapa Kahama ukaanza 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa kamili. Penye mgodi pana vijana, pana ndoa, pana mimba, pana ajali za mashimoni. Vyuo vya afya vya binafsi vikaongezeka, na wazazi wakaona kuwa uuguzi ni ajira ya uhakika kwa binti.

Mwaka ambao futi ilibadilishwa

Hapa ndipo inapokuja sehemu ya historia inayotugusa bara na visiwani pamoja, maana mtihani wa Form Four ni mmoja, wa NECTA.

Mwezi wa Februari 2013 yalitoka matokeo ya Form Four ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Waliofaulu walikuwa asilimia 34 na kidogo. Mnaokumbuka mnajua majonzi ya mwezi ule. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi wa Mei serikali ikatangaza bungeni kuwa matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Sababu mojawapo iliyoelezwa ilikuwa hii: mwaka ule baraza lilitumia viwango vya alama visivyobadilika, wakati miaka ya nyuma viwango vilikuwa vinasogezwa kulingana na hali ya mtihani. Yalipopangwa upya, waliofaulu wakafika asilimia 43.

Dada zetu, tulitafakari sana jambo hili. Binti aliyelala na sifuri akaamka na ufaulu, wala hakuandika neno jipya kwenye karatasi yake. Aliyebadilika ni mpimaji. Kama miezi ile mitatu baba yake alishapokea posa, matokeo mapya yangemkuta kwa mume.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Mwishoni mwa 2013 viwango vipya vikatangazwa. Mwaka 2014 ukaja mfumo wa GPA badala ya madaraja. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye 2012 ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, akarudisha madaraja ya zamani. Katika miaka minne alama ile ile ilipewa maana tofauti.

Na wala mabinti wale hawakuwa wamesomeshwa sawa. Wengi walitoka skuli za kata, zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004. Zilikuwa na madarasa, lakini nyingi hazikuwa na maabara. Ilibidi Rais Kikwete aagize kila skuli ya kata ijengewe maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mnaona wenyewe: masomo yanayomwingiza binti uuguzi ndiyo hayo hayo yaliyokosa vifaa.

Mlango wa 30, chumba cha 50

Sasa turudi chuoni. Kwa viwango vilivyofuata, D ya Form Four inaanzia alama 30. Miongozo ya udahili ya miaka ya karibuni inataka mwombaji wa uuguzi awe na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia na Kemia. D inahesabika kuwa ufaulu. Kwa hiyo binti mwenye 31 ya Baiolojia na 30 ya Kemia anaweza kupokelewa, mama akauza mchele, baba akauza ng'ombe, ada ikalipwa.

Akishaingia, utaratibu wa NACTVET kwa ngazi ya 4 na ya 5 ni kwamba C inaanzia 50. Anasomeshwa mifupa, mishipa na dawa kwa Kiingereza, naye msingi wote wa darasa la kwanza mpaka la saba alisoma kwa Kiswahili. Muhula wa kwanza haujaisha, mtihani upo. Asipofika, atafanya wa marudio, wanaouita sapu. Asipofika tena, mlango upo.

Sisi ni washoni na tunajua kipimo. Tukikata gauni kwa inchi 38 na mwenye gauni ana 42, hatumlaumu mtu kwa mwili wake. Tulipaswa kumpima kabla ya kutia mkasi. Alama 50 haitusumbui. Muuguzi anayekosea hesabu ya dozi anaua, na hakuna mmoja wetu atakayetaka kuchomwa sindano na mtu aliyebahatisha. Kama kuna kazi inayostahili kipimo kikali, ni hii. Kinachotuuma ni zile alama 20 baina ya mlango na chumba. Binti anaachiwa azivuke peke yake kwa miezi michache, ada ikiwa imeshapokelewa. Vyuo vinavyowapa wanafunzi wageni masomo ya kujaza mapengo ya sayansi na lugha, tunaona sare zao zinachukuliwa. Wateja wetu wenyewe wanatuambia.

Wasichana wa darasa la saba wa miaka ya 1970 waliingia na elimu ndogo zaidi kuliko hii, lakini mafunzo yao yalipangwa yakijua walipotoka. Hilo ndilo lililopotea njiani.

Aliyerudi dukani

Mwenye sare ya tatu ni binti wa familia ya Kiislamu kutoka vijiji vya upande wa Geita. Alipokuja kupimwa alitaka mikono mirefu na ushungi wa kitambaa kile kile. Alitusimulia kuwa alitaka kuwa mkunga kwa sababu shangazi yake alifia njiani akipelekwa kujifungua. Tulimshonea kwa mapenzi.

Alianguka masomo mawili, akafanya sapu, akaanguka moja. Aliondolewa akiwa amebakiwa na alama nne kufika 50. Chuo hatukitaji, na hatusemi kilivunja utaratibu. Utaratibu ndivyo ulivyosema.

Baada ya miezi sita alikuja na mama yake. Tulifurahi tukadhani amekuja kuchukua sare. Mama akasema, "Mtupimie gauni la harusi." Tukampima kwa futi ile ile. Alikuwa amepungua kiuno. Mama alipotoka kupokea simu, binti akatuuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, ile sare mmeuza?" Tukamwambia ipo. Akasema, "Msiiuze, tafadhali."

Ndoa ni kheri, na sisi riziki yetu imo ndani yake. Lakini mkoa huu una historia nzito. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010 ulionesha kuwa Shinyanga, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 mpaka 24, wapatao 59 waliolewa kabla ya kufika miaka 18. Huku binti anayerudi nyumbani na barua ya chuo hakai muda mrefu bila kuulizwa ng'ombe wake ni wangapi. Yeye alikuwa ameshapita umri huo, na alikubali ndoa yake. Hakuna aliyemwambia kuwa kuondolewa chuo kimoja si kufukuzwa katika uuguzi, na kwamba mtu anaweza kurudia mitihani ya Form Four kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaongeza alama, akaomba upya. Wote walimwambia, "Basi, haikuwa riziki yako."

Tunaamini qadar. Lakini tulivyofundishwa, mtu hufunga ngamia wake kwanza, kisha humtegemea Mola wake. Matokeo ya 2012 yalipofutwa, hakuna aliyesema ilikuwa qadar wasifaulu. Watu walikwenda kukagua kipimo.

Kwa maharusi wetu

Kama wewe ni biharusi mtarajiwa na upo chuoni, au unapanga kuingia, tunakuomba mambo machache.

Kabla ya kulipa ada, tazama D zako kwa macho makavu. Uliza chuo: mna masomo ya kuwasaidia wanaoingia na alama ndogo? Mwaka jana walioanza walikuwa wangapi, na waliofika mwaka wa pili ni wangapi? Usione haya kuuliza. Hata kununua kitambaa unauliza kama kinachuja.

Usipange harusi wiki za mitihani wala kabla ya sapu. Tumeshona magauni mengi ya mabinti waliokuja kupimwa na daftari mkononi, na tunajua wengi wao ilikuwaje.

Zungumza na mchumba wako mapema juu ya masomo, na walii wako alijue. Dini yetu inaruhusu masharti ya halali katika ndoa. Kumaliza masomo ni sharti unaloweza kuliweka kabla ya akdi, likaandikwa, na mashekhe wa mtaani kwenu watakuelekezeni namna ya kuliweka. Mume mwema hatashindwa nalo.

Na mama zetu, binti akirudi na barua, mpeni muda kabla ya kumpa mume. Mwulizeni amebakiwa na alama ngapi.

Yule binti aliolewa mwezi wa Shaaban. Gauni lilimkaa vizuri. Mumewe anafanya kazi kwenye kampuni ya magari ya mgodini, na tumesikia ni mtu mpole. Wiki iliyopita alitupigia simu akiuliza dirisha la kujiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea linafunguliwa lini. Tulikwenda kumuulizia siku ile ile. Sare yake tumeitoa kabatini, tumeifua maana imeanza kuwa manjano mabegani, na tumeacha pindo refu kidogo ndani, kama itabidi kufunguliwa.

Muombeeni dua, na wengine kama yeye. Allah awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa, na awape nguvu ya kuyavuka yaliyo baina ya mlango na chumba. Amin.

Wabillahi tawfiq.